Land Cruiser 79: spesa za nyuma, na kutoka 7.50R16 kwenda tubeless

Kijenge79

Wakuu habari za leo. Gari ni Land Cruiser 79 ya 2012, injini 1HZ, chesi imerefushwa hapa Arusha kwa kazi ya utalii, siti saba ukitoa dereva. Inatembelea 7.50R16 za tyubu kwenye rimu za chuma zile za pete (ukingo wake ni pete inayovuliwa). Tairi zote sita, nne za chini na spea mbili, zimefika mwisho, kwa hiyo nataka kuachana na mambo ya tyubu moja kwa moja.

Mpango wangu ni 265/75R16 tubeless (upana mm 265, rimu ya inchi 16), halafu spesa za mm 30 nyuma, yaani vile vipande vya kuweka kati ya habu (kitovu cha gurudumu) na rimu, ili magurudumu ya nyuma yafuate njia ya mbele. Kwenye mchanga wa kuelekea Natron na kwenye tope jeusi la Serengeti nyuma inachimba mtaro wake yenyewe na gari linakula nguvu bure.

Maswali: 30 inatosha au niende 50? Naweka nyuma tu au pande zote nne? Kuna jamaa anasema atanichongea za alumini kwenye kerezo kwa nusu ya bei ya dukani, kuna ubaya? Na nati zinakazwa kiasi gani?

---

Spana 21

Mkuu, hilo la nyuma kuchimba mtaro wake siyo gari lako tu. Kuanzia 2007, Toyota walipopanua mbele ili injini ya V8 ienee, ekseli ya nyuma waliiacha ilivyokuwa. Upana wa katikati ya tairi hadi katikati ya tairi ni mm 1,515 mbele na 1,420 nyuma (zenye rimu za alloy, za alumini, ni 1,555 na 1,460). Tofauti ni mm 95, yaani kila upande nyuma imeingia ndani mm 47 na nusu. 79 ya kabla ya hapo haina tatizo hili, kwa hiyo anayekwambia "yangu natembea nayo bila spesa" muulize kwanza ni ya mwaka gani.

Kwa sababu hiyo ni nyuma tu. Ukiweka na mbele utakuwa umehamisha tatizo lile lile nje zaidi, na juu yake usukani utaanza kupigwa na kila jiwe, maana tairi imesogea mbali na mstari wa kingpini (pini ambazo gurudumu linageukia). Mbele acha.

Vipimo vya kununulia: matundu 5, PCD (kipenyo cha duara la matundu) mm 150, stadi (boliti za kufungia gurudumu) M14 uzi wa 1.5, tundu la kati mm 110. Usikubali 6x139.7 (matundu 6, PCD 139.7), hizo ni za 75 ya zamani na ndugu zake. Hilo tundu la kati ndilo watu wanalipuuza. Habu ya nyuma ya 79 imechomoza nje kupita katikati ya rimu, kwa hiyo spesa lazima ipite juu yake na ikae imeibana bila kucheza, na spesa yenyewe iwe na mdomo wa 110 upande wa nje ambao rimu itakalia. Spesa isiyo na mdomo inaacha stadi peke yake zikae katikati na zibebe mshtuko.

Ya kuchongwa kwenye kerezo: tatizo si kerezo, ni alumini. Zinazouzwa na watengenezaji wanaoaminika ni 6061-T6 au 7075 iliyofuliwa. Anayekuchongea mtaani mara nyingi anaanza na donge la alumini iliyoyeyushwa kutoka vichwa vya injini na sufuria, ndani ina vitundu vya hewa huvioni. Hiyo inapasuka kati ya stadi na stadi, na inapasuka gari likiwa limejaa watu.

---

Timazi

Nitapinga kidogo. Kabla hujanunua spesa, umeshafikiria kwamba lazima ununue rimu mpya? Rimu za pete haziwi tubeless, hewa inatokea kwenye pete. Sasa kama unanunua rimu hata hivyo, nunua za nyuma zenye ET ndogo zaidi. ET ni ile namba iliyogongwa nyuma ya rimu, umbali kati ya uso unaokaa kwenye habu na katikati ya upana wa rimu. Ukishusha ET kwa 40 tairi inatoka nje mm 40, sawasawa na spesa ya 40, ila hakuna kiungo cha ziada cha kulegea. Spesa ni seti ya pili ya nati zilizojificha nyuma ya rimu, huzioni na huzigusi mpaka uvue gurudumu.

Na angalizo: rimu za Land Cruiser 100 na 200 zinauzwa sana za mtumba na matundu yanaingia, 5x150. Nyingi ni ET 60. Zitaingiza tairi ndani badala ya kuitoa nje. Matundu kuingia si dalili kwamba rimu ni ya gari lako.

---

Spana 21

Timazi uko sahihi kwenye ET, na kwenye beringi pia ni sawa tu: ukitoa tairi nje mm 40, iwe kwa rimu au kwa spesa, uzito unahama kutoka katikati ya beringi mbili kwenda kwenye beringi ya nje. Hakuna njia inayokwepa hilo. Kwa hiyo anayesema "spesa zinaua beringi, weka rimu za kutoka nje" hajapiga hesabu.

Lakini hili ni gari la safari lenye spea mbili. Ukiwa na rimu za ET mbili tofauti, pancha ya mbele ikikukuta ukiwa umebaki na spea ya nyuma, unaifunga mbele inatoka nje mm 40 inakwaruza madigadi ukikata kona. Kwa spesa rimu zote sita ni aina moja, spea yoyote inakwenda popote. Kwa gari la nyumbani ningekwenda na wewe kwenye rimu. Kwa hili nabaki na spesa.

Ila mpangilio wa manunuzi ubadilike. Rimu kwanza, halafu tairi, upime, spesa mwisho. Rimu mpya inaweza kuja na ET inayotoa tairi nje zaidi ya ile ya pete, na ukiwa umeshanunua spesa za 50 utajikuta unazitafutia mteja.

---

Msafiri wa Namanga

Hapo kwa tairi nami nisaidie. 265/75R16 haikai vizuri kwa rimu nyembamba. Inataka rimu ya inchi 7 hadi 8. Ukiipachika kwa rimu ya 6 inavimba katikati, inaliwa katikati, na kwa upepo mdogo shingo ya tairi (ukingo unaoshika rimu) inaweza kuachia rimu. 235/85R16 inakubali 6 hadi 7.5. Urefu wa zote mbili karibu ni sawa: 235/85 ni mm 806, 265/75 ni mm 804, na hiyo 7.50R16 yako iko hapo hapo karibu, kwa hivyo spidomita haitadanganya. Ukipanda 285/75 unafika 834, sindano ikisema 100 wewe uko karibu 104, na mbele itaanza kugusa mikono ya ekseli ukikata usukani mpaka mwisho.

Kwa uzito angalia namba ya ubavuni. 235/85R16 ya daraja E (daraja la uwezo wa kubeba, E ni juu ya C) ni 120/116, maanake kilo 1,400 kwa tairi moja ikiwa peke yake upande. 265/75R16 E ni 123, kilo 1,550. Gari refu likiwa limejaa watu, mizigo, friji na mafuta, nyuma ndiyo inabeba, kwa hivyo usishuke chini ya daraja E hata kama muuzaji ana C za bei poa. C kwa gari hilo inapata moto.

Kwa matope mimi ningechagua nyembamba. 235 inakata tope inafika chini penye ugumu, 265 inaelea. Kwa mchanga 265 ni bora kidogo, lakini ukishusha upepo 235 inajirefusha na unapata karibu ile ile. Jambo lingine: zote nne za chini ziwe saizi moja, chapa moja na uchakavu mmoja. 79 ukiingiza 4x4 mbele na nyuma zinafungwa pamoja, tofauti ya mzunguko inakwenda kula gia boksi.

---

Kijenge79

Wakuu mmenisaidia sana. Nimenunua rimu za chuma 16x6.5 tubeless zote sita aina moja, nikafunga 235/85R16 E, nikapima. Nilinyoosha tairi za mbele, nikavuta kamba ubavuni ikigusa tairi ya mbele sehemu mbili usawa wa habu, nikaipeleka nyuma. Kulia kamba imeachana na tairi ya nyuma mm 45, kushoto 49. Wastani 47, kama mlivyosema.

Kutoka ubavu wa tairi ya nyuma hadi ukingo wa madigadi (haya ni ya kuchomelea, si ya kiwanda) kuna mm 37. Kwa hiyo 47 haiingii, itatokeza nje. Stadi za nyuma nikivua rimu zimechomoza mm 36 kutoka uso wa dramu ya breki. Spesa za 30 zipo dukani, za 40 zipo, za 35 za kuagiza. Nichukue ipi?

---

Timazi

Hizo namba za stadi ni muhimu kuliko unavyodhani. Stadi za mm 36 kwenye spesa ya 30 zitatokeza mm 6 upande wa nje. Rimu za alloy nyingi zina mabonde nyuma kati ya matundu, ncha zinaingia humo. Rimu yako ya chuma mgongo wake ni bapa. Utaifunga, itakaa juu ya ncha tano za stadi badala ya uso wa spesa, utaikaza mpaka jasho likutoke na itaonekana imekaa. Baada ya kilomita 200 stadi zinakatika moja baada ya nyingine na hutajua kwa nini.

Ya 40 inameza stadi lakini madigadi yako ni 37. Tope na mawe yatapiga ubavu wa gari na bodi ikikaa chini kwa mzigo tairi inakwenda kukata ukingo. Kwa hiyo ni 30, na stadi zikatwe zibaki mm 28. Kata kwa grainda polepole, zifunike kwa kitambaa kibichi zisipate moto, uzungushe nati juu kabla ya kukata ili ukiivua isafishe uzi. Sakafu ya spesa pale nati inapokalia huwa na unene wa mm 12 hivi, kwa hiyo unabaki na uzi wa mm 16. Kanuni ni kwamba nati ishike angalau kipenyo cha stadi, yaani 14, na kwa uzi wa 1.5 hiyo ni mizunguko tisa na kidogo. Hesabu mizunguko kwa mkono: chini ya kumi, usifunge. Ukija kuvua spesa ukarudi kwenye rimu za chuma, 28 bado inatosha. Ukiwahi kutaka alloy zenye sahani nene, itabidi ugonge stadi mpya.

Tofauti inayobaki ni mm 17 kila upande. Mtaro wa tairi ya 235 unaimeza hiyo bila shida.

---

Spana 21

Naafiki 30. Sasa kufunga, na hapa ndipo kazi inapoharibika.

Zuia tairi za mbele kwa magogo, jeki iwe chini ya bomba la ekseli karibu na yubolti za springi, na uweke stendi. Kabla hujafunga chochote shika tairi juu na chini uitikise. Ikicheza, beringi ifungwe upya kwanza, usiweke spesa juu ya beringi iliyolegea. Vua rimu, sugua uso wa dramu mpaka chuma king'ae, hasa kuzunguka stadi na pale habu inapochomoza, maana kutu hukaa kwenye ile kona. Angalia kama dramu ina skrubu ya kuishikilia na kichwa chake kimechomoza, kiwe chini ya uso. Rangi nene nayo ni adui: leo inabana, kesho inasagika, nati inalegea bila kuzunguka hata kidogo.

Ingiza spesa kwa mkono bila nati. Kata vipande vinne vya gazeti, viweke kati ya spesa na dramu juu, chini, kushoto na kulia, kisha funga nati mbili kidogo. Vuta kila kipande. Kinachochomoka kwa urahisi kinakuonyesha upande ambao haujakaa. Ukimaliza jaribio toa karatasi zote, usisahau moja ndani.

Uzi uwe mkavu. Mafundi wengi wanapaka oili "ili isishike kutu", lakini uzi wenye oili ukiukaza kwa nguvu ile ile stadi inavutwa zaidi ya kipimo na inaanza kurefuka. Grisi kidogo sana kwenye mdomo wa kati tu, ili siku ya kuvua spesa isigande kwenye habu.

Kaza kwa nyota, 1-3-5-2-4, mara tatu: nusu nguvu, robo tatu, kamili. Nati za spesa kwenye stadi za gari fuata karatasi iliyokuja na spesa. Kipimo cha Toyota kwa rimu ya chuma ni Nm (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 209, alloy ni 131, lakini stadi zilizobanwa ndani ya alumini ya spesa zina kipimo chao, na ndicho kinachotawala rimu ikiwa juu ya spesa. Nati za rimu ya chuma ziwe za koni. Zile bapa zenye washa na shingo ni za alloy ya Toyota, ukizifunga kwenye chuma zinakalia ukingo wa tundu na kulila.

Baada ya kilomita 50, VUA GURUDUMU, kaza nati za spesa, rudisha rimu, kaza. Rudia kwenye 500. Kukaza nati za nje peke yake hakukuambii lolote kuhusu za ndani. Baada ya hapo kila unapobadilisha oili, vua. Piga mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati hadi kwenye spesa, mstari ukivunjika umeona.

---

Kijenge79

Nimeelewa. Karatasi ya spesa inasema Nm 140 kwa nati zote, za ndani na za nje. Torki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) sina na ya kuazima siiamini, imetumika kufungulia nati miaka mingi. Kuna njia?

---

Spana 21

Dumu la maji la lita 20, bomba la chuma la mita 1, na kamba. Dumu likijaa ni kama kilo 21. Chomeka bomba kwenye mkono wa spana na upime kuanzia katikati ya nati, siyo kuanzia bomba linapoanza. Spana ikiwa imelala sawasawa, ning'iniza dumu taratibu kwenye sm 60, hiyo ni karibu Nm 124. Bomba lenyewe la kilo 3 hivi linaongeza kama 15. Jumla 139. Achia dumu likae lenyewe, usilisukume wala kulirusha, likishuka mpaka spana ikapita usawa, inua, geuza spana, ning'iniza tena mpaka lisishuke. Ukiwa kwa rimu ya chuma isiyo na spesa, kwa mfano mbele, dumu lisogee mpaka sm 94 upate zile 209.

Mtu wa kilo 80 akisimama kwenye bomba hilo la mita 1 anatia karibu Nm 800. Ndiyo maana stadi zinakatika gereji.

---

Msafiri wa Namanga

Upepo: anza na psi 36 mbele na 48 nyuma gari likiwa limejaa, asubuhi tairi ikiwa baridi. Endesha saa moja kwa lami, pima tena. Ikipanda zaidi ya psi 6, ulianza chini, ongeza. Ikipanda chini ya hapo sana, ulianza juu. Kwa mchanga shusha mpaka 20 na usipite kilomita 30 kwa saa, halafu jaza kabla hujarudi kwa barabara ya changarawe ngumu iliyokaa kama bati.

Na hizo rimu za pete za zamani, ukiziuza, toa upepo wote na utoe kijiti cha valvu kabla hujazigusa. Pete ikiruka inaua.

---

Kijenge79

Zimefungwa jana. Gazeti la kushoto chini lilichomoka, kumbe kulikuwa na kutu kwenye kona ya habu, nikasugua tena likashika. Nati zinaingia mizunguko kumi na nusu. Kesho nazunguka Makuyuni na kurudi, nikifika navua.

Swali la mwisho: stadi za spesa zina urefu tofauti na za mbele. Nati za spea ziwe zipi?

---

Timazi

Uzi ni ule ule, 14 kwa 1.5, koni ni ile ile. Nati moja kwa pande zote, ila ziwe za wazi, siyo za kofia. Nati ya kofia inaweza kugota kwenye ncha ya stadi ndefu kabla haijabana rimu, na mkononi itakuambia imekazwa.